Sakafu ya mbao ngumu nyumbani: maswali tunayoulizwa karakana kila wiki

Wengi wanaokuja kwetu wanakuja na picha kwenye simu: sebule pana, jua linaingia dirishani, sakafu inang'aa rangi ya asali. Mara nyingi picha hiyo imepigwa nchi yenye baridi. Majibu haya ni kwa hali ya hewa ya kwetu, kwa mbao zinazopatikana Tanzania na kwa majirani, na kwa mafundi tulionao.

Nichague mbao gani: mninga, mkongo, mvule au mtiki?

Anayeuliza hivi huwa ameshaamua mninga, anatafuta tu wa kumuunga mkono. Tunamwelewa. Rangi yake inatoka kahawia ya dhahabu hadi damu ya mzee, unarandika bila ubishi, na ni miongoni mwa mbao zinazovimba na kusinyaa kidogo kuliko zote tunazozishika. Kasoro yake kwa sakafu ni ulaini. Ukiwa mkavu una uzito wa kama kilo 600 hadi 650 kwa mita moja ya ujazo, kwa hiyo kisigino chembamba cha kiatu au mguu wa kiti cha chuma unaacha kishimo. Chumba cha kulala, hakuna neno. Sebule ya watoto watano na mbwa, fikiria tena.

Mkongo, ambao watu wa Pwani wengi wanaujua kwa jina la mbambakofi, ni mzito zaidi, karibu kilo 800. Kwa sakafu ya kukanyagwa na watu wengi ndio tunaoutaja kwanza. Una tabia moja ya kuijua mapema: ndani yake mna rangi ya manjano ambayo ukilowa inatoka na kutia doa kitambaa au zulia. Ukishatandikwa usilale siku nyingi bila vanishi, hasa kama mafundi wa rangi bado wanaingia na ndoo za maji.

Mvule ni mgumu wa kutosha na kiini chake mchwa hawakipendi. Seremala anaulalamikia kwa mambo mawili. Kwanza, mara nyingine ndani yake mna kibonge cha chokaa kama jiwe, na msumeno ukikigonga meno yanaisha hapo hapo. Pili, vumbi lake linawasha ngozi na kubana kifua, kwa hiyo siku ya kupiga msasa familia ihame kwa jirani. Kwa mwenye nyumba cha kujua ni rangi. Mvule mpya ni wa manjano, kisha mwanga unaugeuza kahawia. Mteja wetu mmoja alitandika zulia siku chache tu baada ya vanishi kukauka. Alipoliondoa, miezi minane baadaye, alikuta mstatili wa manjano katikati ya sebule ya kahawia, kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Ule mstatili ulififia wenyewe kadiri mwanga ulivyoufikia, lakini ilichukua muda.

Mtiki unalimwa, na hiyo ndiyo nguvu yake. Mashamba ya Longuza kule Muheza, Mtibwa mkoani Morogoro na yale ya Bonde la Kilombero yanatoa magogo ambayo historia yake inajulikana. Ugumu ni wa wastani, kutulia kwake ni kuzuri. Jihadhari na mtiki uliovunwa ungali mdogo: sehemu nyeupe ya nje inakuwa pana, kiini kidogo, na muuzaji anakuchanganyia vyote viwili kwenye bei ya kiini.

Kuna wengine. Mpangapanga wa kusini na wa Msumbiji, kahawia iliyokolea yenye mistari myembamba, ni mzuri sana na mgumu kwelikweli. Mhuhu ndio mfalme wa sakafu wa zamani katika ukanda huu, mbao nzito yenye harufu tamu, lakini umevunwa mno kwa sakafu na vinyago na siku hizi kuupata wa kutosha chumba kizima ni bahati. Mpingo waachie wachongaji na watengeneza zumari. Hauna upana wala urefu wa kutosha, na bei yake si ya kukanyaga.

Ukitulazimisha: mkongo sebuleni na kwenye korido, mninga vyumbani, na bajeti ikibana, mtiki nyumba nzima.

Mbona kila nikiuliza kuhusu aina ya mti mnanijibu kuhusu ukavu?

Kwa sababu sakafu nyingi tunazoitwa kuzitazama hazikuharibiwa na aina ya mti. Ziliharibiwa na maji yaliyokuwa ndani ya ubao siku ya kutandika.

Mbao haiachi kupumua. Hewa ikiwa na unyevu inakunywa na kunenepa, hewa ikikauka inatoa maji na kukonda. Inapanuka kwa upana; urefu haubadiliki kwa kiasi cha kukusumbua. Dar es Salaam, ambako unyevu wa hewa kwa sehemu kubwa ya mwaka ni asilimia 75 hadi 80, ubao ulioachwa barazani unatulia ukiwa na maji ya kama asilimia 14 hadi 16 ya uzito wake mkavu. Uweke ubao huo huo katika chumba ambacho kiyoyozi kinakesha, utashuka hadi 9 au 10. Dodoma wakati wa kiangazi nako hushuka karibu na hapo bila kiyoyozi.

Sasa piga hesabu. Ubao wa mtiki wenye upana wa milimita 100, ukitoka asilimia 16 kwenda 10, unapungua kama milimita moja. Moja tu. Lakini chumba cha mita nne kina mbao 40 zilizopangwa ubavu kwa ubavu, kwa hiyo ni kama sentimita nne zimetoweka. Zitatokea kama nyufa 40 za milimita moja moja, au, gundi ikishika mbao makundi makundi, kama nyufa chache pana za kuingiza penseli.

Hilo nimelilipia ada mwenyewe. Sebule ya kwanza niliyoisimamia ilikuwa Tegeta, mtiki mzuri, umerandwa vizuri, tumeununua kwa mtu aliyeapa kwamba umekauka. Sikupima. Mwenye nyumba alihamia, akafunga viyoyozi viwili. Mwezi wa sita akaniita, hakusema kitu. Alitoa kadi yake ya benki kwenye pochi, akaiingiza katikati ya mbao mbili hadi nusu, akaiacha imesimama. Nikatoa sakafu yote kwa gharama yangu.

Tangu hapo swali letu la kwanza ni: chumba kitaishi vipi? Kiyoyozi usiku tu, mchana kutwa, au madirisha wazi mwaka mzima? Mbao inakaushwa kufuata jibu hilo. Kwa nyumba ya Dar isiyo na kiyoyozi tunalenga 13 au 14. Kwa yenye kiyoyozi cha kudumu, 10 hadi 11. Kukausha kupita kiasi nako ni kosa: mbao ya asilimia 8 ikitandikwa nyumba ya madirisha wazi Kigamboni, masika ikifika inavimba, ikikosa pa kwenda inainuka.

Sina kipimo cha unyevu. Nitajuaje kama muuzaji anasema kweli?

Mtafute fundi mwenye nacho. Siku hizi vya mkononi vyenye sindano mbili vinapatikana na havitishi kwa bei. Pima katikati ya ubao, si mwishoni, na uchomeke sindano kwenye uso uliokatwa upya. Ncha za ubao hukauka mapema na zitakudanganya.

Ukikosa kabisa, kuna njia ya jikoni. Kata kipande kifupi kutoka katikati ya ubao, kama upana wa vidole viwili. Kipime kwenye mizani ya keki. Kiweke kwenye oveni kwa nyuzi 100 na kidogo, ukae karibu, kisiungue. Kila baada ya saa moja au mbili kipime tena, mpaka uzito ugome kushuka. Tuseme kilianza gramu 230 kikaishia 200. Tofauti ni 30. Gawa 30 kwa 200, unapata 0.15, yaani asilimia 15. Fanya kwa vipande vitatu kutoka mbao tofauti. Muuzaji aliyeniambia kwamba mbao zake "ni kavu kama kuni" aliniona nikirudi na majibu ya 24, akacheka, akasema, "Basi mzee, tuziache mpaka mwezi wa kumi."

Na "zimeanikwa juani" si sifa. Jua kali linakausha ngozi ya nje na kuacha ndani mbichi. Ncha zinapasuka, ubao unajikunja kama mkeka. Mbao inaanikwa kivulini, penye upepo, vijiti katikati ya kila safu, ncha zimepakwa rangi. Ubao wa inchi moja wa mti mzito unahitaji miezi kadhaa, kisha tanuri la kukaushia linamalizia kazi. Upepo na kivuli pekee havitakufikisha asilimia 10 Dar, hata ungoje miaka.

Halafu mbao zikishafika nyumbani kwako zisitandikwe siku hiyo. Zipangwe ndani ya chumba chenyewe, na vijiti katikati, wiki mbili hivi, milango na madirisha yakiwa yameshafungwa na plasta imekauka. Zizoee nyumba kabla hazijapigwa misumari.

Jamvi limemwagwa mwezi uliopita. Naweza kuanza?

Hapana. Zege linaonekana kavu juu huku tumbo limejaa maji. Kanuni ya zamani ya mafundi ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene, na jamvi la inchi nne linaweza kuhitaji hata zaidi ya miezi minne, hasa likimwagwa masika.

Jaribio rahisi: kata nailoni ya kuona, kama nusu mita kwa nusu mita, ibandike sakafuni kwa utepe wa gundi pande zote nne, hewa isipite. Iache siku nzima, hata mbili. Ukikuta matone chini ya nailoni, au zege limebadilika rangi na kuwa jeusi, bado. Rudia sehemu tatu za chumba, na moja iwe karibu na ukuta wa bafu.

Muulize pia aliyejenga kama aliweka nailoni nzito chini ya jamvi kabla ya kumwaga. Nyumba nyingi za zamani, na zisizo za zamani vilevile, hazina. Hapo maji ya ardhini yatapanda milele, na jamvi halitakauka hata ungoje mjukuu. Inabidi kupaka kizuizi cha unyevu juu ya zege kwanza, au kukubali vigae.

Na mchwa?

Kiini cha mvule, mkongo, mninga na mtiki kinawashinda mchwa vizuri. Sehemu nyeupe ya nje haiwashindi, iwe ya mti gani. Kwa hiyo kagua ubao mmoja mmoja, na weupe wote ukatwe au uwekwe kando kwa kazi nyingine.

Mahali tunapowakuta mchwa zaidi si kwenye mbao za juu. Ni kwenye papi, zile mbao nyembamba za chini zinazoibeba sakafu, kwa sababu mwenye nyumba alinunua mkongo wa juu kisha akaokoa fedha kwa kuweka papi za paina ambazo hazikutiwa dawa. Mchwa wanapanda kwenye ufa wa jamvi, wanakula papi kimyakimya, na unagundua siku sakafu inapobonyea chini ya kabati. Papi zitiwe dawa, na kama bado hujamwaga jamvi, udongo unyunyiziwe dawa ya mchwa kabla.

Vumbi jeupe laini kama poda linalodondoka kwenye vitundu vidogo si la mchwa, ni la fukusi. Hao nao wanapenda weupe wa nje. Dawa ni ile ile: usiununue.

Nigongee juu ya papi au nibandike kwa gundi?

Papi zinakupa nafasi ya kusawazisha jamvi bovu, na ubao ukiharibika unautoa bila vita. Sakafu inakuwa na mlio wa ngoma kidogo. Wengine wanaupenda, wengine wanauchukia, hasa ghorofani ambako jirani wa chini ana maoni yake. Pia inapanda juu: papi ya inchi mbili na ubao wa milimita 20 ni kama sentimita saba, na milango yote itabidi ikatwe chini. Jambo hili hukumbukwa baada ya milango kupakwa vanishi.

Gundi inataka jamvi lililonyooka na kavu. Usitumie gundi nyeupe ya makabati. Ina maji na inaganda ngumu kama kioo. Tafuta ile ya sakafu inayobaki na unyumbufu.

Kwa vyovyote vile, ubao uwe na ulimi upande mmoja na mfereji upande wa pili, msumari upigwe mshazari kupitia ulimi ili usionekane, na pembeni mwa kuta zote ibaki nafasi ya milimita 10 hadi 15. Skatingi, ule ubao wa chini ya ukuta, itaifunika. Fundi akikuambia nafasi hiyo ni uzembe na anataka kubana ubao mpaka ukutani, mlipe siku yake, umuage.

Nilikulia kwenye nyumba yenye vibao vidogo vya parketi. Bado vinafaa?

Vinafaa sana, na mimi ningependa vingerudi. Fleti za zamani za Nairobi zina parketi ambazo zimepigwa msasa mara kadhaa na bado zinadai miaka. Kibao kifupi na chembamba kinasinyaa kidogo sana kila kimoja, kwa hiyo nyufa zinagawanyika na huzioni. Vilevile vinatumia vipande ambavyo vingetupwa: mabaki ya mninga ya karakana za samani, kama zile za Keko, yanaweza kugeuka sakafu ya chumba, ukiwa na subira ya kuyakusanya na kuyachambua kwa rangi na ukavu.

Ugumu uko kwenye kupanga. Mtindo wa mfupa wa samaki unaanzia katikati ya chumba kwa uzi, na kibao cha kwanza kikikosea milimita moja, ukutani utakuwa umekosea kidole kizima. Mwache fundi aliyewahi kuifanya, hata kama analipwa mara mbili.

Jamaa yangu yuko Marekani, ananiambia aniletee oak kwenye kontena. Nikubali?

Zuri kwa macho, gumu kwa hali ya hewa. Mbao za sakafu za kule zinakaushwa hadi asilimia 6 hadi 9, kwa sababu nyumba zao zinapashwa joto majira ya baridi na hewa ya ndani ni kavu. Zikifika Tanga au Mombasa zitakunywa maji mpaka zifike 14 au zaidi. Ni kinyume cha kisa changu cha Tegeta: badala ya nyufa, mbao zinasukumana, kingo zinainuka, na katikati ya chumba sakafu inavimba kama chapati. Ukikubali, fungua pakiti zote na uziache zizoee kwa wiki nyingi, si siku tatu zilizoandikwa kwenye boksi, na uongeze nafasi ya ukutani. Kwa fedha ya kontena na ushuru, mimi ningenunua mkongo.

Paina ya Sao Hill ni rahisi. Kwa nini isiwe hiyo? Au mkaratusi?

Paina ni mbao laini. Ukucha unaacha alama. Kama ni chumba cha darini au chumba cha wageni wanaokuja Krismasi, na umeipenda, weka, ila iwe imetiwa dawa. Mkaratusi una ugumu, lakini wakati wa kukauka unapasuka na kupinda kwa hasira. Nimeona mkaratusi mzuri uliokaushwa taratibu tanurini. Huo sina ugomvi nao. Ule wa kukatwa Jumatatu na kuuzwa Ijumaa usiuguse.

Duka la vigae linauza "wood floor" ya boksi, inabofyana tu. Ni mbao?

Geuza kipande, utazame ubavu wake. Ukiona unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu karatasi yenye picha ya mbao, hiyo ni lamineti. Maji yakiingia kwenye maungio inavimba na hairudi, na haipigwi msasa hata mara moja. Ukiona plastiki ngumu ya kijivu, hiyo ni plastiki. Haijali maji, na kwa nyumba ya kupangisha ina akili yake. Ukiona tabaka la mbao halisi juu na tabaka zilizokingamana chini kama plaiwudi, hiyo ni mbao ya tabaka: inatulia kuliko ubao mzima, na uhai wake ni unene wa lile tabaka la juu. Milimita mbili ni msasa mmoja, labda. Milimita nne au zaidi, unapiga msasa mara kadhaa.

Jikoni na bafuni?

Bafuni hapana. Jikoni, kama nyumba ina mtu anayefuta maji yakimwagika, inawezekana. Kama mnaosha vyombo kwa beseni sakafuni, weka vigae.

Chumba changu ni futi 14 kwa 16. Ninunue mbao futi ngapi?

Eneo ni futi za mraba 224. Ubao unaoitwa inchi nne, ukisharandwa na kutolewa ulimi, unafunika kama inchi tatu na robo tu. Hapo ndipo watu wanapungukiwa. Inchi tatu na robo ni futi 0.27, kwa hiyo 224 gawa kwa 0.27 ni kama futi 830 za urefu. Ongeza asilimia 10 za kukata na kuchambua, unafika futi 910 hivi. Kwa mfupa wa samaki ongeza 15. Nunua zote siku moja kutoka rundo moja. Ukirudi baada ya mwezi utapata rangi nyingine na ukavu mwingine.

Vanishi gani?

Polyurethane ya mafuta inaupa mninga na mkongo wekundu ule watu wanaoutaka, inanuka siku mbili tatu, na inadumu. Ya maji inakauka haraka na haigeuki njano. Paka tabaka tatu nyembamba, msasa laini katikati, badala ya moja nene. Mtiki una mafuta yake ya asili, hivyo ufute kwa tambaa lenye thina kabla tu ya tabaka la kwanza, la sivyo vanishi inabanduka kama ngozi ya nyoka.

Wanaopenda mguso wa mbao yenyewe watumie mafuta ya kitani na nta. Matunzo ni mengi zaidi, lakini mkwaruzo unautibu pale pale bila kupiga msasa chumba kizima. Tahadhari ya kweli: matambaa yaliyolowa mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa kwenye kona yanaweza kujiwasha moto yenyewe. Yaanike wazi nje, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Naisafishaje?

Fagio laini kila siku, tambaa lililokamuliwa mpaka halidondoshi. Dekio la kumwaga ndoo, hapana. Jiki, hapana. Mafuta ya taa, ambayo bibi zetu walichanganya na nta kung'arisha sakafu ya saruji, yanalainisha vanishi na kukusanya vumbi. Adui mkubwa ni mchanga unaoingia na viatu; ni msasa unaotembea. Desturi yetu ya kuvua viatu mlangoni inafanya kazi kubwa kuliko dawa yoyote ya dukani. Miguu ya makochi ibandikwe vipande vya kitambaa kinene.

Nitajuaje kama mbao ni halali?

Muulize muuzaji hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile wanayoiita TP, inayotolewa na Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, na risiti yake. Ikiwa mbao zinahamishwa kutoka yadi kwenda kwako, usikubali lori liondoke bila karatasi, kwa sababu likikamatwa njiani, mzigo ni wako. Bei ya chini mno inayopatikana usiku tu ina maelezo yake.

Ukitaka mbao za msitu wa asili kwa moyo mweupe, uliza kuhusu misitu ya vijiji ya Kilwa. Huko wanakijiji wanamiliki na kuvuna kwa mpango, na cheti cha FSC, shirika la kimataifa linalothibitisha misitu inayosimamiwa vizuri, walikipata mwaka 2009, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Mti mmoja ukiuzwa, fedha inaingia kwenye mfuko wa kijiji.

Naishi Uingereza. Naweza kusafirisha mninga kwa ajili ya sakafu yangu?

Si kwa kuufunga tu kwenye kontena. Novemba 2022, mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, uliofanyika Panama uliiweka mininga ya Afrika, pamoja na jamii ya mkongo na ya mkangazi, kwenye Kiambatisho cha Pili. Mpingo ulishaingia humo tangu 2017. Maana yake mbao zinahitaji kibali cha kutoka nchini, na nchi unakopeleka inaweza kudai chake. Anza na karatasi kabla hujalipia mbao. Mtiki wa shambani haumo kwenye orodha hiyo, ingawa karatasi za kawaida za misitu na forodha zinabaki pale pale.

Sakafu yangu imeinuka katikati tangu masika. Niivunje?

Usivunje, na usipige msasa sasa. Ukipiga msasa ikiwa imevimba, itakapokauka utabaki na mabonde mahali palipokuwa na vilima. Tafuta maji yanatoka wapi kwanza: bomba la bafu, ukuta unaolowa nje, bomba la kiyoyozi linalodondosha ndani. Kisha ng'oa skatingi pande mbili zinazotazamana. Mara nyingi utakuta mbao zimebanana na ukuta, hakuna hata nafasi ya kupitisha kisu. Kata ukanda wa mbao wa sentimita moja na nusu kuzunguka, acha madirisha wazi wakati wa jua na feni usiku, na usubiri miezi miwili au mitatu. Nyingi hurudi chini zenyewe. Zitakazobaki juu, njoo na picha na kipande kimoja cha ubao, tukipime.